Dhana Tangulizi za Maktaba Sanifu: Saa ya Kiswahili na Mifumo Endeshi ya Kompyuta

1.0 Suala Lenyewe

Katika semantiki hufundishwa kwamba sentensi kama "Juma ameacha kuvuta sigara" husema jambo moja waziwazi na kuchukulia jingine kimyakimya. Hata ikikanushwa, lile la kimya hubaki palepale: anayedai kuwa Juma hajaacha amekwisha kukubali kuwa Juma ni mvutaji. Dhana tangulizi ya namna hii imewafaa wanaisimu katika kuchambua methali, matangazo ya biashara na hotuba za majukwaani. Ni nadra kuitumia katika kuchambua lugha za kuprogramu, ingawa hizo nazo zimetungwa na watu wenye lugha mama, kalenda na desturi zao.

Lugha ya kuprogramu, iwe C, Java, Python au Go, haiwezi kuifikia saa ya kompyuta wala diski yake pasipo mwenyeji. Mwenyeji huyo ni mfumo endeshi, yaani Windows, Linux, Android na mingineyo. Baina ya lugha na mfumo endeshi pana maktaba sanifu, ambayo ni mkusanyiko wa taratibu zilizokwisha kuandikwa na ambazo huja pamoja na lugha yenyewe. Programu ikitaka kujua sasa ni saa ngapi, faili fulani linaitwaje, au mtumiaji anasoma lugha gani, huiuliza maktaba, nayo maktaba huuliza mfumo endeshi. Kila swali la aina hiyo limebeba dhana tangulizi: kwamba mfumo endeshi unalo jibu, na kwamba jibu hilo lina umbo fulani lililokwisha kuamuliwa.

Hoja ya makala haya ni kwamba juhudi za kukikuza Kiswahili katika kompyuta zimeelekezwa mno kwenye istilahi zinazoonekana kiooni, ilhali uamuzi ulio mzito zaidi ulifanyika chini yake, katika majedwali ambayo maktaba sanifu huyasoma kwa niaba ya programu zote. Mahali panapofaa kuipimia hoja hiyo ni Arusha. Mjini na sokoni hutumika Kiswahili. Katika ofisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hutawala Kiingereza, ingawa Ibara ya 137 ya Mkataba uliotiwa saini mjini humo mwaka 1999 inataka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Na kwenye miteremko ya Mlima Meru huzungumzwa Kimeru, ambacho wenyewe hukiita Kirwa, pamoja na Kimaasai cha Waarusha. Kompyuta moja katika mji huo huweza kuhudumiwa na lugha nne kwa siku moja.

2.0 Mazungumzo Yaliyofanyika Bila Waafrika Mashariki

Lugha ya C ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika maabara za Bell nchini Marekani, bega kwa bega na mfumo endeshi wa Unix. Kwa hiyo haishangazi kwamba maktaba yake inaiona dunia kama Unix inavyoiona: faili ni mfuatano wa baiti, wakati ni hesabu ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na makosa ni namba. Lugha nyingi zilizofuata zimejengwa juu ya maktaba hiyo au zimeiga taratibu zake. Python ikiulizwa majina ya miezi kwa lugha ya mtumiaji, aghalabu hulipeleka swali kwa maktaba ya C, nayo hulipeleka kwa majedwali yaliyosakinishwa katika mfumo endeshi.

Katika miaka hiyohiyo Tanzania ilikuwa imejitoa katika mazungumzo. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na masharti hayo hayakulegezwa upesi. Sababu zake zilieleweka wakati huo na si kusudio la makala haya kuzihukumu. Linalohusu hapa ni kwamba wakati wataalamu wa nchi nyingine walipokuwa wakikubaliana siku ianzie wapi, na saa ihesabiwe vipi ndani ya maktaba, hakuwepo Mswahili wa kuinua mkono.

Kiswahili kilipoingia baadaye, kiliingilia mlango wa mbele. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 programu ya ofisi iliyotafsiriwa, Jambo OpenOffice. Ilikuwa kazi ya kupongezwa. Hata hivyo ilikuwa kazi ya kupaka rangi kuta za nyumba ambayo msingi wake ulikuwa umekwisha kumwagwa na wengine.

3.0 Saa Nane za Usiku Ambazo Si Saa Nane

Abiria anayekata tiketi ya basi la alfajiri kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam huambiwa "saa kumi na mbili kamili" huku karatasi aliyopewa ikisema 06:00. Hababaiki. Tarakimu za saa ishirini na nne amezizoea kama maandishi ya kigeni ambayo huyafasiri papo hapo. Mifumo miwili inaishi pamoja kwa amani kwa sababu kila mmoja una sura yake, na hakuna anayeuchukua huu kuwa ule. Hatari huanza pale mmoja unapovaa nguo za mwenzake.

Jambo hilo limetokea. Shirika la Unicode lina hifadhidata kubwa iitwayo CLDR, yenye majina ya miezi, siku, sarafu na vipindi vya siku kwa mamia ya lugha. Java, Android na vivinjari vya intaneti huitegemea. Katika jedwali la Kiswahili vipindi vya siku vimegawanywa hivi: alfajiri tangu 04:00 hadi 07:00, asubuhi hadi 12:00, mchana hadi 16:00, jioni hadi 19:00, kisha usiku hadi 04:00. Mtu anaweza kubishania mpaka wa jioni, lakini kwa jumla mgawanyo huo ni wa mtu anayekijua Kiswahili.

Tatizo liko katika kuunganisha. Programu ikiagizwa kuandika wakati kwa mtindo wa saa kumi na mbili pamoja na kipindi cha siku, maktaba huchukua 20:00, hutoa kumi na mbili, hupata nane, kisha huongeza neno lililomo katika jedwali. Matokeo ni "8:00 usiku". Kwa msomaji yeyote wa Kiswahili, hiyo ni saa nane usiku, yaani 02:00. Kosa ni la saa sita kamili. Mgonjwa wa Tengeru ambaye simu yake inamkumbusha kwa maneno hayo kumeza dawa, ataamka usiku wa manane kumeza dawa ambayo alipaswa kuimeza mara baada ya chakula cha jioni.

Inafaa kutazama kosa hili kwa makini, kwa kuwa halijitokezi kwa usawa saa zote. Mchana hujifichua lenyewe: "2:00 mchana" haiwezekani, kwani hakuna saa mbili ya mchana, na msomaji atashtuka na kuuliza. "4:00 jioni" na "5:00 alfajiri" ni hivyohivyo. Upande wa asubuhi 11:00 inatatiza, kwa kuwa wapo wasemao saa kumi na moja asubuhi wakimaanisha 05:00. Lakini usiku kinga hiyo hutoweka kabisa. Neno "usiku" huenea pande zote mbili za saa sita, hivyo 19:00 hugeuka saa saba, 22:00 hugeuka saa kumi, na 01:00 hurudi nyuma hadi saa moja jioni ile iliyopita. Kila jibu ni sentensi sahihi ya Kiswahili, tena yenye maana kamili, isipokuwa si kweli. Tafsiri nusu imezaa madhara ambayo kutotafsiri kabisa kusingeyazaa.

Wapo waliopendekeza njia ya mkato: kompyuta iambiwe kuwa iko katika kanda ya saa iliyo nyuma kwa saa sita, ili 07:00 isomeke saa moja. Hila hii huiponza tarehe. Siku ya kompyuta itabadilika saa kumi na mbili asubuhi, na faili lililohifadhiwa saa tisa usiku litaandikwa tarehe ya jana. Isitoshe, kwa desturi ya zamani ya Waswahili siku mpya huingia magharibi, ndiyo maana husemwa "usiku wa kuamkia Ijumaa". Hila hiyo haipatani na desturi ya zamani wala na ya sasa. Hesabu ya saa ni suala la namna ya kusema, si la mahali mtu alipo duniani, na katika maktaba ni lazima ikae upande wa lugha.

Kwamba upande wa lugha unaweza kuwekewa mambo ya aina hiyo si ndoto. Kiwango cha C cha mwaka 1999 kinazo alama za kuandika miaka kwa hesabu mbadala, na kwa njia hiyo Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao. CLDR ina kalenda ya Ethiopia yenye miezi kumi na mitatu. Lakini Waethiopia nao huhesabu saa kuanzia mapambazuko kama Waswahili, na kwa saa zao, kama kwa saa za Waswahili, hakuna alama. Alama zilizopo huruhusu saa ianze na sifuri au na moja, iishie kumi na mbili au ishirini na nne. Zote zinahesabu kutoka usiku wa manane. Huo ndio uti wa dhana tangulizi inayozungumziwa hapa: kwamba mahali pa kuanzia siku na mahali pa kuanzia saa ni pamoja. Karibu na Ikweta, ambako jua halipishani sana na saa kumi na mbili mwaka mzima, hapakuwa na sababu ya kulifikiri jambo hilo hivyo.

Kanda za saa nazo zina kisa chake, kifupi zaidi. Mtumiaji wa Windows mjini Arusha hawezi kuchagua Arusha wala Dar es Salaam. Orodha humpa Nairobi. Lugha nyingi hutumia hifadhidata nyingine ya kanda, ambamo jina Africa/Dar_es_Salaam limo, ila tangu mwaka 2014 limefanywa kuwa njia ya kufikia kumbukumbu za Nairobi, kwa kuwa watunzaji wake hujali hasa tofauti za baada ya mwaka 1970. Kwa shughuli za leo hakuna kinachoharibika, maana saa ni ileile. Mwanahistoria anayetaka kupanga kwa kompyuta nyakati za simu za maandishi za enzi ya ukoloni hana budi kutahadhari, kwani atapewa saa za Kenya. Python tangu toleo la 3.9 la mwaka 2020 ina moduli ya kanda hizo katika maktaba sanifu, lakini moduli yenyewe huchukulia kuwa mfumo endeshi unayo hifadhidata. Linux kwa kawaida unayo, Windows hauna, na programu iliyoandikwa kwenye mmoja hukwama kwenye mwingine hadi data iongezwe. Go iliruhusu mwaka huohuo hifadhidata ifungwe ndani ya programu yenyewe. Mbinu hii ya pili ni ya msafiri anayebeba godoro lake kwa kutomwamini mwenyeji.

4.0 Kirwa, Kimachame na Kivunjo

Mtu anaweza kudhani kwamba lugha ndogo za Mlima Meru hazimo kabisa katika majedwali haya. La hasha. CLDR ina jedwali la Kirwa chini ya msimbo rwk, la Kimaasai chini ya mas, na kwa upande wa Kilimanjaro la Kimachame (jmc), Kivunjo (vun) na Kirombo (rof). Kimeru cha Kenya kina msimbo wake, mer, na kufanana kwa jina kusimpotoshe mtu.

Kwa mwanaisimu linalogutusha ni yaliyomo. Katika jedwali la Kirwa Jumapili ni "Jumapilyi", Jumatatu ni "Jumatatuu", Aprili ni "Aprilyi", Juni ni "Junyi". Vipindi viwili vya siku ni "utuko" na "kyiukonyi". Katika jedwali la Kimachame maneno ni hayohayo, kwa tahajia hiyohiyo. Katika la Kivunjo, vilevile. Kwamba Kirwa na Kimachame zinakaribiana si jambo geni: kazi ya Derek Nurse ya mwaka 1979 kuhusu lahaja za Kichaga inaziweka katika kundi moja la magharibi. Lakini Kivunjo si cha kundi hilo. Jedwali moja kuhudumia lugha tatu, bila tofauti hata ya irabu, linaashiria kuwa kilichoandikwa mara moja kimenakiliwa, si kwamba wazungumzaji wa kila lugha wameulizwa. Wasomi wa Kiswahili, ambao wanajua vema jinsi Kiunguja kilivyoteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu na yale yaliyoachwa nje kwa uteuzi huo, wanapaswa kuwa wa kwanza kulitambua jambo hili.

Tena, kuwemo katika jedwali si kupatikana. Java tangu toleo la 9 la mwaka 2017 hutumia majedwali ya CLDR yanayokuja nayo, hivyo huitambua rwk. Programu ya Python kwenye kompyuta ileile ya Linux, ikiomba Kirwa kupitia maktaba ya C, hujibiwa kuwa lugha hiyo haitambuliki, kwa sababu maktaba ya C ya mfumo huo ina Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya lakini haina Kirwa. Mzungumzaji ni yuleyule na mashine ni ileile, ila kwa lugha moja yupo na kwa nyingine hayupo.

Kimaasai kina tatizo la ziada la herufi. Tahajia yake katika jedwali hutumia ɛ, ɔ, ɨ, ʉ na ŋ, pamoja na alama za toni. Herufi kama ʉ yenye toni ya juu haina umbo moja katika Unicode. Huundwa kwa vipande viwili. Mpigaji chapa anaona herufi moja, maktaba inahesabu mbili, na jina la faili lenye é huweza kuhifadhiwa kwa namna moja na mfumo endeshi mmoja na kwa namna nyingine na mwingine. Java ilichukulia hadi toleo la 17 kwamba mfumo endeshi ndio uamue herufi zisimbwe vipi. Ni toleo la 18 la mwaka 2022 lililoamua kuwa itakuwa UTF-8 popote pale. Kabla ya hapo, maandishi ya Kimaasai yaliyohifadhiwa kwenye Linux yangeweza kusomwa kwenye Windows kama takataka, na Kiswahili kingesomwa salama. Kiswahili kimepona kwa bahati ya tahajia yake, si kwa hisani ya maktaba.

5.0 Ng'ombe

Kimepona, ila kwa herufi moja. Ritifaa ya ng' ni alama ambayo kwa mkalimani wa amri wa Unix hufungua nukuu. Maktaba ya C, na baada yake lugha nyingi, ina utaratibu wa kupeleka amri nzima kwa mkalimani huyo ikiwa mfuatano mmoja wa herufi. Programu inayounganisha amri ya kufuta na jina ng'ombe.txt bila kulikinga hupeleka nukuu iliyofunguliwa na haikufungwa, na amri hukataliwa. Kwenye Windows amri kama hiyo hupita, kwa sababu mkalimani wake haijali alama hiyo. Maktaba za kisasa hutoa njia salama ya kupeleka maneno mojamoja, lakini njia ya mkato ndiyo inayofundishwa kwanza. Mtafiti mwenye kongoo la Kiswahili lenye faili zinazoitwa ng'ambo, ng'oa na ng'ombe huligundua jambo hili siku ya kwanza.

6.0 Mapingamizi Mawili

Pingamizi la kwanza ni kwamba maktaba sanifu haipaswi kujua lugha za watu hata kidogo. Kazi hiyo ni ya mwandishi wa programu. Huo ndio msimamo wa Go, ambayo maktaba yake sanifu huandika majina ya miezi kwa Kiingereza tu. Msimamo huu una unyofu wake. Lakini January si ukosefu wa lugha. Ni lugha ya mtu fulani iliyofanywa kuwa hali ya kawaida. Maktaba iliyokataa kuchagua imekwisha kuchagua.

La pili ni zito zaidi, nalo hutolewa na Waswahili wenyewe: watu wamezoea saa ishirini na nne, basi yaachwe. Ni kweli kwamba 20:00 ni salama kuliko "8:00 usiku", na mpaka alama ya saa ya Kiswahili ipatikane, waandishi wa programu wanashauriwa kuitumia 20:00 pasipo kuiongezea neno lolote. Hata hivyo mazoea hayo hayakugawanywa sawasawa. Karani wa ofisi ya kimataifa mjini Arusha hufasiri bila kutambua. Bibi wa Ngaramtoni anayepokea ujumbe wa kliniki humwomba mjukuu amsomee. UNESCO ilipotangaza Novemba 2021 kuwa tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, ilikitambua kama lugha ya mamilioni, na wengi wao ni wa aina ya bibi huyo.

Kinachohitajika si fedha nyingi. CLDR hupokea marekebisho kwa vipindi maalumu kutoka kwa watu wanaozijua lugha husika, na idara za Kiswahili zinao watu hao. Pendekezo la alama ya saa ya Kiswahili lina mshirika wa asili katika vyuo vya Ethiopia. Kwa upande wa Kirwa, kazi ni ndogo zaidi na inaweza kufanywa na mwanafunzi mmoja wa uzamili katika likizo moja: kuchukua orodha ya maneno yasiyofika arobaini, kupanda nayo Poli, Nkoaranga na Akheri, na kuwauliza wazee kama "kyiukonyi" ni neno lao au la jirani.